Skafu Yenye Kosa Nayo Huzuia Baridi

(Mazungumzo ya mama mmoja mkimbizi, mwalimu wa kufuma, mbele ya wanafunzi wapya wa darasa la ufumaji mjini Kigali. Tunayachapa hapa kwa faida ya wakaaji wa kambi ambao hawakuweza kufika.)

Akina mama, akina dada, na ninyi vijana wawili mliokaa nyuma karibu na mlango, karibuni. Msione haya. Sindano haziulizi aliyezishika ni mwanamke au mwanamume.

Nimeombwa niseme juu ya uzi mgumu, yaani ule uzi wa manyoya au wa vinundu ambao wengi wenu mnauogopa. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi nilikaa Gihembe, kule Byumba. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1997, na mwaka 2021 watu wake walihamishiwa Mahama kwa sababu ya makorongo ya mmomonyoko yaliyokuwa yakikaribia nyumba. Waliokaa kule wanaijua baridi yake. Byumba iko juu, zaidi ya mita 2,000, na asubuhi ukungu huingia mpaka kitandani. Binti yangu alikuwa na kifua. Alikwenda shule amejifunga kitenge changu shingoni. Nikasema: nitamfumia skafu kabla ya masika.

Fedha za uzi mpya sikuwa nazo. Nilinunua sweta kuukuu ya caguwa, nikaifumua polepole. Ilikuwa ya mohea, sufu ya mbuzi wa Angora. Ni uzi mwembamba, mwepesi, wenye joto na manyoya marefu. Lakini manyoya hayo hufunika vitanzi, hata huoni sindano iingie wapi. Na ukitaka kufumua, unakuta yameshikana kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa.

Nilianza na vitanzi 40. Nilipofika mbali nikaona kitanzi kimoja kilianguka huko chini. Nikafumua yote. Mara ya pili nikahesabu vitanzi 43. Nikafumua. Mara ya tatu uzi ulikuwa umenyonyoka, ukakatika, nikaunga mafundo, nikalia. Masika yakaja yakaisha. Mtoto alikohoa msimu mzima na kitenge kile kile shingoni, na mimi nimekaa na sindano mkononi natafuta skafu isiyo na kosa.

Jirani yangu, mama mzee, akaniuliza, "Mwanangu, mtoto atavaa lini?" Sikuwa na jibu. Akachukua kazi yangu, akakishika kile kitanzi kilichoanguka kwa uzi na sindano ya kushonea, akakifunga kwa nyuma, akanirudishia. "Endelea," akasema. Siku nne baadaye skafu ilikwisha. Ina makosa matatu ninayoyajua mimi. Binti yangu aliivaa miaka miwili, na hakuna mtu aliyemsimamisha njiani kuhesabu vitanzi.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sibishani nao. Lakini kosa nililolirudia mimi halikuwa kile kitanzi. Lilikuwa kufumua.

Nimefikiri sana kwa nini nilifanya vile. Mtu aliyekimbia amepoteza mengi ambayo si yeye aliyeyaharibu: nyumba, shamba, vyeti, na watu. Basi akipata kitu kimoja kilicho mikononi mwake, anataka kiwe sawa kabisa. Kosa dogo linamuuma kupita kiasi. Kama unajiona hivyo, usijione mjinga. Ila usiache mtoto apigwe na baridi kwa ajili hiyo.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

KABLA YA KUANZA

Uzi uliofumuliwa una mikunjo. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi usichanganyike, uoshe kwa maji ya vuguvugu bila kusugua. Utundike ukauke, na chini ufungie kitu kizito kidogo ili unyooke. Maji ya moto sana na kusugua huigandisha sufu, usifanye hivyo.

Chukua sindano nene kuliko unavyodhani. Uzi wa manyoya unataka nafasi. Ukiubana, skafu itakuwa ngumu na hutaweza kutengeneza kosa. Fuma kwanza kipande kidogo cha sentimita 10 kwa 10. Kipande hicho kitakuambia uanze na vitanzi vingapi. Skafu ya mtu mzima yatosha upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 150.

Chagua mshono rahisi, ule wa kufuma wazi kila mstari, mbele na nyuma. Uzi wa manyoya huficha mapambo, kwa hiyo mtindo wa mafumbo ni kujichosha bure. Na unavyoficha mapambo ndivyo unavyoficha makosa.

WAKATI WA KUFUMA

1. Fuma mchana, karibu na mlango. Uzi ukiwa mweusi, tandaza kitambaa cheupe magotini. Ukiwa mweupe, tandaza cheusi. Utaona vitanzi.

2. Hesabu vitanzi mwisho wa kila mstari. Kosa la mstari mmoja ni dogo. Kosa la mistari 30 ndilo lililoniliza mimi.

3. Kila baada ya mistari 10, pitisha uzi mwembamba laini wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote, uuache humo. Huo ni uzi wa usalama. Ukilazimika kufumua, utasimama pale pale, hutarudi mwanzo.

4. Ukichoka au ukiwa na hasira, weka chini. Mkono wenye hasira hubana uzi.

KOSA GANI LITENGENEZWE, LIPI LIACHWE

Kitanzi kilichoanguka hakiachwi. Kitaendelea kushuka na kuacha ngazi. Kivute kwa sindano ya ndoano mpaka juu. Ukishindwa, kifunge kwa nyuma kama alivyofanya yule mama.

Kitanzi kilichozidi: mstari unaofuata, fuma viwili pamoja. Basi.

Tundu dogo: lishone kwa nyuma kwa uzi ule ule.

Kitanzi kilichogeuka, au mstari uliolegea kuliko mwenzake, au upana uliopungua kwa nusu kidole: viache. Shika skafu, nyoosha mkono, itazame kwa urefu wa mkono wako. Kama huoni kosa, mwenzako naye hataliona.

KUHUSU KUUZA

Hapa niwe mkweli. Miaka ya 2000 mradi wa Rwanda Knits, ulioanzishwa na mfumaji wa Marekani Cari Clement, ulileta mashine ndogo za mkono za kufumia, na vikundi vya wanawake vikajifunza kufuma kwa kuuza, wakimbizi wakiwa miongoni mwao. Anayefuma kwa kuuza ana sheria nyingine. Mnunuzi akiagiza skafu 20 za kipimo kimoja, zote ziwe za kipimo hicho. Yenye kosa linaloonekana, itengwe, mwonyeshe mnunuzi, mpunguzie bei. Usimfiche. Akiligundua mwenyewe nyumbani, ataacha kununua kwako na kwa kikundi chote.

Na msidhani sweta kuukuu zitakuwa rahisi siku zote. Mwaka 2016 ushuru wa nguo za caguwa ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na bei sokoni ikapanda. Kwa hiyo kila uzi unaofumua na kuutupa ni fedha.

Namaliza. Leo kila mmoja atapewa bonge moja la uzi wa manyoya. Naujua, ni mbaya. Nataka mwanze nao, maana atakayeuzoea huu hataogopa mwingine. Baada ya wiki mbili mrudi na skafu zenu. Sitauliza nani hana kosa. Nitauliza nani amemaliza, na ni nani anayeivaa.

Na yule ambaye kitanzi kitamwangukia, asifiche kazi yake chini ya kitenge. Ailete hapa mezani. Tutakifunga pamoja.