Ifunguliwe Bahasha: Zana za Huduma za Wavuti Zinapokosa Kusikilizana



Nianze na sifuri. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye taasisi moja ambayo sitaitaja. Malipo yalikuwa yakipokelewa, na mfumo ukijibu vizuri kabisa, ila kila muamala uliingia na kiasi cha shilingi 0. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Mtumaji alitumia zana ya kampuni moja, mpokeaji ya kampuni nyingine, na kwa siku tatu walirushiana barua pepe. Kila upande ulithibitisha kuwa kwake mambo shwari. Ajabu ni kwamba wote walisema kweli.

Huduma hiyo ya malipo ilitumia SOAP, itifaki ambayo toleo lake la 1.1 liliwasilishwa W3C Mei 2000. Ujumbe wake ni bahasha, na kweli ndivyo unavyoitwa: bahasha yenye kichwa na kiwiliwili, vyote vimeandikwa kwa XML. Katika XML, lebo, kama vile Kiasi, inaweza kuwa na jina tupu au jina pamoja na ubini wa ukoo wake. Mtumaji alikuwa na nakala ya zamani ya WSDL, ile hati inayoeleza huduma inaongea vipi, na ndani yake sifa iitwayo elementFormDefault haikuandikwa. Isipoandikwa, lebo za ndani huenda bila ubini. Mpokeaji alikuwa amekwishaibadilisha hati yake na sasa alimtafuta Kiasi wa ukoo fulani. Akaletewa Kiasi asiye na ukoo. Hakumjua, akampita kimya kimya, na nafasi ya namba ilipobaki tupu programu ikaijaza kwa thamani yake ya kawaida. Ndiyo ile sifuri.

Kosa linalopiga kelele halinisumbui. Zana ikikosa kichwa cha HTTP kiitwacho SOAPAction, au ikiletewa SOAP 1.2 wakati inajua 1.1 tu, hulalamika palepale na fundi hujua pa kuanzia. Linalonitisha ni lile linalojibu "imepokelewa".

Hali hii ilitokeaje? Waandishi wa SOAP 1.1 na WSDL 1.1 waliacha milango mingi wazi. Mtu aliweza kupanga data kwa kanuni za usimbaji za SOAP yenyewe, au kuacha hati ifuate skima yake moja kwa moja. Zana ya Apache Axis katika matoleo yake ya kwanza ilielemea njia ya kwanza, huduma za ASP.NET zilielemea ya pili. Zote halali! Mwaka 2002 makampuni, IBM na Microsoft yakiwamo, yaliunda umoja wa WS-I, na mwongozo wao wa msingi uliokamilishwa mwaka 2004 ukapiga marufuku ule usimbaji. Kwangu hiyo ndiyo kazi bora waliyoifanya: hawakuongeza uwezo wowote, walipunguza hiari.

Lakini mwongozo haumalizi kila kitu. Chukueni tarehe ya kuzaliwa. Msajili anaandika 5 Machi 1990, na zana yake, kwa kuwa imeambiwa aina ni dateTime, inaongeza saa na kutuma 1990-03-05T00:00:00+03:00. Zana nyingine njiani inaigeuza kuwa 1990-03-04T21:00:00Z. Ni nukta ileile ya wakati: saa sita usiku ya Nairobi ni saa tatu usiku ya Greenwich. Mpokeaji anakata herufi kumi za mwanzo, na raia anazaliwa siku moja kabla ya mama yake kufika hospitali. Dawa ni aina iitwayo date, isiyobeba saa, kwa sababu siku ya kuzaliwa haina haja ya saa.

Turudi kwenye ile sifuri. Tuliipata kwa takriban nusu saa, baada ya kuacha kusoma msimbo wa pande zote mbili. Tuliweka programu ya tcpmon katikati ya mifumo, tukanasa ujumbe kama ulivyopita, tukauhifadhi kwenye faili na kuutuma wenyewe kwa curl, bila zana yoyote ya SOAP. Kisha tukaulinganisha na ujumbe mmoja uliojulikana kufanya kazi, tukibadilisha kitu kimoja kwa wakati. Zana zimetengenezwa ili usiione bahasha. Siku mambo yakiharibika, wema huo ndio unaokufunga macho.

Najua vijana mtasema SOAP ni ya wazee, siku hizi ni JSON. Haya. JSON haina aina ya tarehe kabisa. Tuma namba ya kumbukumbu 9007199254740993 kama tarakimu, na JavaScript ya upande wa pili itasoma 9007199254740992, nayo ni kumbukumbu ya mtu mwingine. Namba ya simu inayoanza na 07, ikigeuzwa kuwa tarakimu, hupoteza sifuri yake. Zamani sifuri ilitujia bila kuitwa; sasa inatutoroka.

Kwa hiyo nina ombi kwa taasisi zinazounganisha mifumo, na kwa wanafunzi wangu mtakaoajiriwa huko. Msitie saini makubaliano ya kuunganisha mifumo yenye WSDL peke yake, au kurasa za maelezo peke yake. Ambatisheni ujumbe mmoja halisi uliokubaliwa na mmoja uliokataliwa, pamoja na vichwa vyake vya HTTP, vikiwa jinsi vilivyopita kwenye waya, na vibadilishwe kila hati inapobadilika. Taasisi ile ya shilingi 0 ingekuwa na jumbe hizo mbili, nisingeitwa.