Mkono Uliotangulia



Injili ya Jumapili ya 6 ya Mwaka B, Marko 1:40-45, yatuletea mtu mwenye ukoma apigaye magoti mbele ya Bwana. Tulisikilize vema ombi lake. Hakuwa na shaka kwamba Yesu aweza kumtakasa. Shaka yake ilikuwa kama Yesu atataka. Kufukuzwa kulikuwa kumemfundisha kwamba hakuna amtakaye.

Shaka hiyo ingalimo katika parokia zetu. Mwenye mbalanga, yaani mabaka meupe ya ngozi, huketi benchi la mwisho, huvaa mikono mirefu wakati wa joto, na huondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Ugonjwa huo hauambukizi hata kidogo. Ni kinga ya mwili wake mwenyewe ishambuliayo chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Si laana, wala si ukoma. Hata Sheria ya Musa, tunayoidhania kuwa kali kupita kiasi, iliwatangaza kuwa safi wenye mabaka meupe yaliyofifia (Walawi 13:38-39). Kuhani wa kale alichunguza kabla ya kunena; sisi hunong'ona kwanza.

Lakini lipo jeraha lisiloonekana. Aliyezoea kukodolewa macho huanza kuyaogopa hata pale ambapo hakuna amtazamaye. Jumapili asubuhi husema kichwa kinamwuma, au hana nguo ya kuvaa, nao wa nyumbani humwita mvivu wa sala. Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kama kilichomo moyoni ni aibu, hasira, au huzuni. Na lisilo na jina ni vigumu kuliombea.

Enyi makatekista, msimhubirie uvumilivu, amekwisha kuvumilia. Mwulizeni moyo wake husema nini aingiapo kanisani, kisha nyamazeni mpaka alipate neno lake. Kwa habari ya ngozi yenyewe, aende kwa daktari wa ngozi. Huko KCMC, Moshi, matabibu wa ngozi wanafundishwa tangu mwaka 1992.

Marko asimulia kwamba Yesu aliunyosha mkono, akamgusa, akamwambia kwamba anataka; ndipo ukoma ukamtoka. Alimgusa angali mgonjwa. Leo, wakati wa kutakiana amani, wapo watakaouficha mkono wenye mabaka mfukoni au chini ya khanga, si kwa kukosa upendo, bali kwa kuogopa kukataliwa. Msingoje wautoe.