Walionasa vipindi vya redio wametuwekea nini?

Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa.

Leo nataka tuzungumze juu ya watu ambao majirani zao huwaona kama wana kasoro kidogo kichwani. Ni watu wanaojaza chumba kizima kwa kaseti na santuri, na ndani yake hamna albamu za wanamuziki bali vipindi vya redio. Tena si hotuba za wakuu wala habari za vita, ambazo kila mtu angeelewa kwa nini zihifadhiwe. Hawa wanakusanya vipindi vya nyimbo zinazoongoza kwa wiki: mtangazaji anaanza na ya arobaini, anapanda moja moja, mpaka anafika kwenye wimbo namba moja. Mtu atauliza, nyimbo zenyewe si zimejaa kila mahali? Na orodha si zilichapishwa magazetini? Sasa humo ndani kuna nini cha kumfanya mtu mzima agombane na mkewe kwa ajili ya nafasi kabatini?

Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kuanzia Marekani, maana huko ndiko maradhi haya yaliposhika sana.

Tarehe 4 Julai 1970, stesheni saba tu za redio za Marekani zilianza kurusha kipindi kilichoitwa American Top 40. Mtangazaji wake alikuwa Casey Kasem, mzaliwa wa Detroit, mtoto wa familia ya Kidruze yenye asili ya Lebanoni. Wengine mmemsikia bila kumjua, kwa sababu ndiye aliyempa sauti yule kijana mwoga Shaggy katika katuni za Scooby-Doo. Kipindi kilifuata orodha ya gazeti la Billboard. Siku hiyo ya kwanza namba 40 ilishikwa na Marvin Gaye, na namba moja na kundi la Three Dog Night. Kilichukua muda wa saa tatu, na kuanzia Oktoba 1978 kikaongezwa kikawa cha saa nne. Kasem alikitangaza hadi mwaka 1988, na kwa muda huo kilienea stesheni nyingi za Marekani na za nchi nyingine pia.

Sasa sikilizeni kilivyofanya kazi, kwani hapo ndipo penye chanzo cha mkusanyo. Kipindi hakikuwa cha moja kwa moja. Kilinaswa studio huko Los Angeles, kikachapwa kwenye santuri, na santuri zikatumwa kwa posta kwa kila stesheni. Kipindi cha saa tatu kilikuwa santuri tatu, nusu saa kila upande. Ndani ya kifurushi mlikuwa na karatasi ya maelekezo kwa fundi: hapa wimbo unakwisha, hapa pana nafasi ya tangazo lenu la biashara, hapa geuza upande. Santuri hizo hazikuuzwa madukani. Stesheni ilizitumia kwa wiki yake, wiki ikapita, nyingine zikafika. Za zamani zikawa mzigo. Nyingi ziliishia kwenye pipa la taka, na chache zikaokolewa na wafanyakazi waliozipeleka nyumbani kwa sababu tu waliona uchungu kuzitupa.

Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ilikuwa ya msikilizaji mwenyewe na redio kaseti yake. Kampuni ya Philips ilileta kaseti mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 karibu kila kijana mjini aliyeweza kuwa na redio yenye kinasa sauti alijua kazi ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Lakini kunasa kipindi kizima ni kazi ya subira. Saa tatu zinataka kaseti mbili za dakika 90, na kila baada ya dakika 45 lazima uwepo ili uigeuze. Ukichelewa chooni, umepoteza namba 17. Zilikuwapo kaseti za dakika 120, lakini utepe wake ulikuwa mwembamba, haukukawia kuvutika, na mashine ilipenda kuula. Ndiyo maana mwenye vipindi vya miaka kumi mfululizo si mtu wa kuchekwa hata kidogo. Jumamosi zake zote za ujana amezitumia kando ya redio.

Baina ya makundi haya mawili, la santuri na la kaseti, upo ubishi usiokwisha. Wa santuri husema: changu ni safi, hakina mikwaruzo ya mawimbi, ni kama kilivyotoka studio. Wa kaseti hujibu: ndiyo, lakini chako hakina mji. Na mimi, kama nikilazimishwa kuchagua, niko na wa kaseti. Santuri ina nafasi tupu pale ambapo tangazo la biashara lilitakiwa kuwekwa. Kaseti ina tangazo lenyewe: duka la viatu, bei ya nyama, gari la mwaka ule. Ina habari za saa, ina hali ya hewa, ina mtangazaji wa zamu anayetaja jina la stesheni kwa haraka. Kipindi kilekile cha wiki ileile kilichonaswa katika miji miwili ni vitu viwili tofauti. Ukisikiliza cha kwanza unajua watu wa mji ule walikuwa wakiuziwa nini, na kama siku hiyo ilinyesha.

Hapa tunafika penye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kuliko yote. Wakati ule vijana wengi waliokuwa wakinasa redio hawakuitaka sauti ya mtangazaji. Waliutaka wimbo. Uingereza, kwa mfano, BBC ilikuwa na kipindi cha Pick of the Pops tangu mwaka 1955, na baadaye katika Radio 1 ikawa na orodha ya nyimbo kila Jumapili jioni. Katika miaka ya 1970 na 1980 vijana wa nchi ile walikaa kidole juu ya kitufe cha kusimamisha, macho yameikodolea redio, wakisubiri mtangazaji anyamaze. Akiongea juu ya mwanzo wa wimbo walimlaani. Waliamini anafanya makusudi. Aliyefanikiwa kupata kanda yenye nyimbo tupu, bila neno la mtu, alionekana fundi mbele ya wenzake.

Leo kanda ile ya fundi haina maana yoyote. Kila wimbo uliomo unapatikana kwa sauti bora zaidi. Kinachotafutwa ni kanda ya yule mzembe, aliyesahau kubonyeza, akamwacha mtangazaji aendelee kusema. Wakusanyaji huko Marekani wamefika mahali pa kubadilishana kanda ambazo muziki ndio uliokatwa na maneno ndiyo yaliyoachwa! Asili yake ni stesheni zenyewe, ambazo zilikuwa na mashine iliyonasa pale tu kipaza sauti kilipofunguliwa, ili mkuu wa vipindi asikie watangazaji wake wanavyofanya kazi bila kukaa saa nne akisikiliza nyimbo anazozijua.

Na wenye redio je? Katika vituo vingi duniani utepe ulikuwa ghali, na kilichokwisha kurushwa kilihesabiwa kuwa kimekwisha kazi. Utepe ulifutwa ukatumika tena. BBC, shirika lenye makabati kuliko mengi, ilifuta vingi mno, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikalazimika kuwaomba wananchi watazame darini mwao kama wana kanda za vipindi vilivyopotea. Watu walikuwa nazo. Wale wale ambao miaka 20 nyuma waliambiwa ni wezi.

Maana waliambiwa hivyo waziwazi. Mwaka 1981 makampuni ya santuri ya Uingereza yalianzisha kampeni ya kusema kwamba kunasa muziki nyumbani kunaua muziki, na alama yake ilikuwa kaseti yenye sura ya fuvu la kichwa na mifupa miwili chini yake, kama bendera ya maharamia. Marekani, Mahakama Kuu ya nchi iliamua mwaka 1984, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba mtu kunasa televisheni nyumbani ili aitazame baadaye si kosa, na mwaka 1992 ikatungwa sheria iliyomkinga anayenasa muziki kwa matumizi yake mwenyewe. Kumbe jambo lilipita kwa jaji mmoja tu.

Sitaki lakini nieleweke kwamba nawatetea wote. Katika miji yetu palikuwa na vibanda vya kurekodi kaseti. Unaandika nyimbo zako kwenye karatasi, unalipa, kesho unarudi kuchukua. Mwenye kibanda alipata, mwenye kuuza kaseti tupu alipata, na aliyetunga wimbo hakupata hata senti. Wanamuziki wetu wana haki ya kuwa na uchungu, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikuja bure. Mimi natenganisha watu wawili. Yupo anayenakili ili auze, na yupo anayenasa ili asipoteze. Huyo wa pili hajamnyang'anya mtu kitu, kwa sababu kile alichonacho hakuna aliyekuwa akikiuza, na mwenye mali mwenyewe amekitupa.

Na kwetu hasara ya kutupa ni kubwa kuliko kwa Wamarekani. Wao, tangu mwaka 2006, vipindi vya Kasem vya miaka ya 1970 vilianza kurushwa tena, kwanza na redio ya setilaiti ya XM, kisha na stesheni za kawaida. Kasem mwenyewe alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 82, na sauti yake bado inasikika mwisho wa wiki. Sisi tuna nini? Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilinasa nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na utepe wa redio ndio uliokuwa makazi ya wimbo. Kwa bahati njema nyimbo nyingi za akina Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe tunazo, zinapigwa hadi leo. Wimbo una watetezi wengi.

Lakini kile kilichozunguka wimbo hakina mtetezi. Wenye umri watakumbuka vipindi vya salamu, huku RTD na kule Sauti ya Kenya: wimbo mmoja, kisha majina kumi na tano. Fulani wa sanduku la posta namba fulani, anamsalimu mama mzazi, anamsalimu shemeji yake aliyeko kiwandani, anawasalimu wote wanaomfahamu, na ujumbe wake ni huu. Wasomi wetu walivicheka vipindi hivyo, wakaviona vya kupoteza muda. Kasem naye kuanzia mwaka 1978 alikuwa na sehemu kama hiyo, akisoma barua ya msikilizaji aliyetaka wimbo upigwe kwa ajili ya mpenzi wake au ndugu aliye mbali, na leo barua hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta kwanza. Sisi tulikuwa na barua kama hizo kila siku, tena kwa mamia. Humo mlikuwa na nani alihamia mji gani, nani alifanya kazi wapi, watu walitumiana maneno gani kabla ya simu kuingia mfukoni. Nani anazo? Kama zipo, zipo katika kaseti za watu binafsi, kati ya wimbo na wimbo, pale ambapo kijana wa mwaka 1983 alichelewa kubonyeza kitufe.

Kaseti hizo ziko kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, na joto la pwani na unyevu wake haviwezi kuzihurumia. Utepe huota ukungu, ule unyoya mdogo unaoukandamiza kwenye kichwa cha mashine hudondoka, na siku mzee anapofariki wajukuu husafisha chumba kwa mchana mmoja. Nimeona kaseti zikining'inizwa mashambani kufukuza ndege. Sina ugomvi na mwenye mpunga, ila najiuliza ni za nani zile, na zilikuwa na nini.

Basi mwenye nazo naomba afanye haya. Asiitie kaseti ya miaka 40 kwenye redio yoyote iliyo karibu. Aisokote kwanza kwa mkono taratibu, mwanzo hadi mwisho, aone kama utepe unashikana. Akimpelekea fundi aihamishie kwenye kompyuta, amwambie asikate kitu: matangazo ya biashara yabaki, salamu zibaki, hata mkoromo wa mawimbi ubaki. Aandike juu yake stesheni, mji na mwaka, hata kama ni kwa kukisia, na aandike kwamba amekisia. Na kabla ya yote ageuze kaseti atazame mgongoni. Kuna vijino viwili vidogo vya plastiki. Avivunje. Kaseti isiyo na vijino hivyo haikubali kunaswa juu yake tena, hata mtoto akibonyeza kile kitufe chekundu kwa nguvu zake zote.

Kwaherini hadi wiki ijayo.