Kopi yenye muhuri



Wengi wetu tulirudi Uvira toka Nyarugusu, tukakuta parseli zetu ziko na watu wengine. Ofisini tukaambiwa, "Murudi kesho." Kesho ikawa miezi. Kosa letu: tulilalamika kwa mdomo tu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serikali madai yake, peke yake ao na wenzake. Serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna wa kushtakiwa kwa kuandika.

Basi tuandike pamoja. Kopi yetu ipigwe muhuri na tarehe. Bila tarehe, miezi 3 itahesabiwa toka wapi? Shefu wa kartie akinyamaza, tunapanda kwa meya, kopi mkononi.