Mti hula nini? Maswali ya baiolojia na maarifa ya mwanafunzi

Mada tuliyowaandalia ni mtihani wa baiolojia katika shule za sekondari. Huenda baadhi yenu mkaona kwamba jambo hilo ni la walimu na wanafunzi peke yao. La hasha. Kwa watu wengi, baiolojia ya sekondari ndilo somo la mwisho maishani kuhusu mwili wao wenyewe na kuhusu mimea inayowalisha. Anayemaliza kidato cha nne bila kufahamu namna damu inavyozunguka, au namna ugonjwa unavyorithiwa, mara nyingi hapati tena mwalimu wa kumfahamisha. Na kama mwanafunzi ataelewa au atakariri tu, jambo hilo huamuliwa kwa kiasi kikubwa na aina ya maswali anayotarajia kuulizwa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa upande wa mtahini, tunaweza kuongeza kwamba kuuliza nako kunataka ujuzi. Hebu tuyatazame maswali manne, mawili ya mimea na mawili ya binadamu.

Swali la kwanza ni hili: kokwa ya embe hutoshea kiganjani, lakini mwembe mzima huwa na uzito wa tani kadhaa. Mbao zote hizo zimetoka wapi? Wengi hujibu bila kusita kwamba zimetoka ardhini, kwa sababu mizizi hula udongo. Jibu hilo lina umri mrefu, na aliyelitia mashaka ni tabibu wa Brussels aitwaye Jan Baptist van Helmont. Katika karne ya 17 alipima ratili 200 za udongo uliokaushwa, akautia katika chombo, akapanda humo mche wenye uzito wa ratili 5, kisha akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mwisho wake mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi kidogo, ilhali udongo ulipungua kwa wakia 2 tu. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kufa kwake.

Van Helmont alikata shauri kwamba mti wote umetokana na maji. Hapo alipatia nusu tu. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, tabibu wa Kiholanzi, alionyesha kwamba sehemu za kijani za mmea hutoa hewa safi zikiwa katika mwanga wa jua, na gizani hazifanyi hivyo. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva akathibitisha kwa mizani kwamba uzito wa mmea hutokana na maji pamoja na hewa ya ukaa, yaani kabonidioksaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mbao kavu ya mwembe ilikuwa hewani kabla ya kuwa mti. Udongo huchangia madini, ambayo mmea hauwezi kuishi bila hayo, lakini kwa uzito ni kidogo sana.

Msikilizaji mpenzi, usidhani kwamba kasoro hii ni ya shule za Afrika peke yake. Mwaka 1997 huko Marekani ilitolewa filamu ya hali halisi ambamo wahitimu wa vyuo vikuu mashuhuri vya Harvard na MIT walipewa mbegu na kipande cha gogo, wakaulizwa uzito wa gogo hilo umetoka wapi. Wengi walitaja udongo, maji na madini, na walipoambiwa kwamba ni hewa, walishangaa. Hao ni watu waliofaulu mitihani yao vyema kabisa. Bila shaka waliwahi kuandika kanuni ya usanisinuru, kwamba kabonidioksaidi na maji, kwa nguvu ya mwanga, hufanya sukari na oksijeni. Kanuni walikuwa nayo. Walichokosa ni kutambua kwamba kanuni hiyo inauzungumzia mti ule ule ulio mbele ya macho yao.

Swali la pili linahusu jaribio ambalo takribani kila mwanafunzi wa sekondari hulisoma, nalo ni la kutafuta wanga katika jani. Mmea huwekwa gizani kwa muda wa siku mbili hivi ili wanga uliomo utumike wote. Kisha sehemu ya jani hufunikwa kwa karatasi isiyopitisha mwanga, na mmea huwekwa juani. Baada ya saa kadhaa jani huchumwa na kuchovywa katika maji yanayochemka, huchemshwa ndani ya spiriti, husuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, halafu hudondoshewa ayodini. Sehemu iliyopata jua hugeuka rangi ya buluu inayokaribia weusi, na iliyofunikwa hubaki na rangi ya ayodini, yaani hudhurungi.

Ukimwambia mwanafunzi ataje hatua za jaribio hilo, atakutajia moja baada ya nyingine kama anayesoma orodha ya mahudhurio. Lakini muulize sababu ya kila hatua, nawe utajua kilichomo kichwani. Kwa nini maji yanayochemka? Ni kwa ajili ya kuua seli na kusimamisha kazi yote iliyokuwa ikiendelea ndani ya jani. Kwa nini spiriti? Ni kwa ajili ya kuondoa klorofili, isije rangi ya kijani ikaficha rangi tunayoitafuta. Kwa nini spiriti hupashwa moto ndani ya chombo cha maji ya moto, wala haiwekwi juu ya mwali? Kwa sababu hushika moto upesi, na mwanafunzi asiyejua hilo anaweza kujiunguza. Kwa nini, basi, tuanze kwa kuuweka mmea gizani? Kwa sababu bila hivyo hatuwezi kujua kama wanga tuliouona umefanyika leo au ulikuwemo tangu jana. Sababu hii ya mwisho inazidi mipaka ya jani. Ni mafunzo ya namna ya kupima dai lolote, na mwenye kuyashika hadanganyiki kirahisi na muuza dawa sokoni.

Sasa tuingie katika mwili wa binadamu. Swali la tatu linaweza kufanywa kwa hesabu ya shule ya msingi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha mililita 70 za damu kwa kila pigo, nao hupiga mara 70 hivi kwa dakika. Je, husukuma damu kiasi gani kwa dakika moja? Jibu ni mililita 4,900, karibu lita 5. Nayo damu yote iliyomo mwilini ni lita 5 hivi. Hapo ndipo swali lenyewe huja: hesabu hiyo inatufundisha nini?

Hesabu ya namna hiyo ndiyo aliyoipiga tabibu wa Kiingereza William Harvey katika kitabu chake kilichochapwa Frankfurt mwaka 1628. Kwa karne nyingi kabla yake matabibu walimfuata Galeni, aliyefundisha kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na viungo huitumia ikaisha. Harvey alionyesha kwamba damu inayotoka moyoni kwa muda mfupi inapita kiasi chochote ambacho chakula kingeweza kutengeneza. Kwa hiyo lazima damu ile ile irudi moyoni na kuzunguka tena. Mwanafunzi anayeweza kulifikia jambo hilo kutokana na tarakimu mbili amepata zaidi ya yule aliyekariri majina ya vyumba vinne vya moyo, japokuwa majina nayo yana faida yake. Ataelewa pia kwa nini mtu aliyekatika mshipa mkubwa lazima abanwe jeraha papo hapo, kabla hata gari la kwenda hospitali halijatafutwa.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote, kwani linaingia hadi vyumbani mwa watu. Linahusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao chembe nyekundu hupinda mithili ya mundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na maradhi hayo. Uganda na Kongo pia yapo kwa wingi, na hata Oman ni tatizo linalojulikana. Mtu aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima. Aidha, jeni hiyo moja humpa kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo lililoelezwa mwaka 1954 na Anthony Allison, mtaalamu aliyelelewa Kenya na kufanya uchunguzi wake Afrika Mashariki. Lakini baba na mama wakiwa wote wawili wanaibeba, katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba mtoto atazaliwa mgonjwa.

Mwanafunzi huchora jedwali lenye vyumba vinne, akajaza herufi, akapata alama zake zote. Sasa mtahini na aulize hivi: wazazi hao wana watoto watatu wazima, je, wa nne lazima awe mgonjwa? Wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa wameona chumba kimoja katika vinne. Wamekosea. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana, na mimba ya nne haijui habari za tatu zilizotangulia. Uwezekano ni ule ule, moja kwa nne. Familia yenye watoto wanne inaweza kusalimika kabisa, na uwezekano wa hilo ni kiasi cha asilimia 32. Vivyo hivyo inaweza kupata wagonjwa wawili au zaidi.

Na aulize tena: ni nani aliyeleta ugonjwa katika nyumba hiyo? Swali hili limevunja ndoa, na mara nyingi lawama hutupiwa mama. Jedwali lile lile linajibu kwamba mtoto hawezi kuugua bila kupokea jeni hiyo kutoka pande zote mbili. Kijana aliyelielewa hilo darasani atakuwa na la kusema siku wazee watakapokaa kumhukumu dada yake.

Hata hivyo, haki inatutaka tuwasikilize watahini pia. Mtihani wa taifa hufanywa na watahiniwa mamia ya maelfu, na majibu yao husahihishwa na watu wengi kwa muda mfupi. Swali la "taja" husahihishwa kwa usawa: neno lipo au halipo. Swali la "eleza kwa nini" hufungua mlango wa msahihishaji mmoja kutoa alama ambazo mwenzake angenyima. Hoja hiyo ina uzito. Lakini maswali niliyoyataja yana majibu mafupi yanayoweza kuwekewa mwongozo: ndiyo au hapana, pamoja na sentensi moja ya sababu. Usawa wa kusahihisha haudai tukae katika kukariri.

Kikwazo cha pili ni vifaa. Nchini Tanzania mtihani wa kidato cha nne una karatasi ya vitendo, na Kenya mtihani wa KCSE wa baiolojia umekuwa na karatasi tatu, ya tatu ikiwa ya vitendo. Katika mwongo wa 2010 serikali ya Tanzania iliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, kwa ajili ya fizikia, kemia na baiolojia. Jengo pekee, hata hivyo, halitoshi bila ayodini, spiriti na mwalimu.

Kikwazo cha tatu ni lugha. Mtoto wa Kitanzania katika shule za msingi za serikali husoma sayansi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mtu anaweza kuitetea lugha hii au ile. Lisilokanika ni kwamba swali asilolielewa mtahiniwa hupima lugha yake kwanza, na baiolojia baadaye. Naye asiyeielewa lugha hana kimbilio ila kukariri, maana sentensi iliyokaririwa haihitaji kueleweka ili iandikwe.

Mwisho, tunawageukia nyinyi wazazi mlio Muscat, London, Minnesota na kwingineko. Watoto wenu nao hupimwa mambo haya haya. Nchini Uingereza, kwa mfano, mtihani wa sayansi wa GCSE hutenga angalau asilimia 15 ya alama kwa maswali yanayohusu majaribio ya vitendo. Huna haja ya kuwa mwanasayansi ili umsaidie mwanao. Muulize kwa Kiswahili, mkiwa mezani, mti hula nini, na damu huenda wapi ikishatoka moyoni. Akijibu kwa lugha ya nyumbani na kukupa sababu, jua kwamba amelielewa somo. Akisita, mrudieni pamoja yule tabibu wa Brussels na mizani yake.