Gari likiinuliwa, usukani nao urekebishwe

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wabia wa maendeleo, katika kikao cha nusu mwaka



Ratiba inasema ofisi ya miradi itatoa taarifa ya magari. Taarifa ya kilomita na mafuta mnayo mikononi, hatutaisoma. Tumeomba muda huu tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni usukani wa Land Cruiser ya huduma ya afya, gari ambalo tuliliinua. Sharika mbili zimeleta maombi ya kuinuliwa magari yao kabla ya masika. Kwa hiyo ni vema tuseme yote, pamoja na yale tuliyokosea sisi wenyewe.

Kwa nini tuliliinua

Mtakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024. Kliniki ya mkoba ilishindwa kufika vijiji vya bondeni kwa wiki kadhaa. Gari lilikaa juu ya matuta ya tope huku magurudumu yakizunguka bure, na maji ya mito yaliingia hadi kwenye viti. Wabia wetu waliposikia walituma fedha, nasi tukanunua springi ndefu, shokapu ndefu na matairi makubwa zaidi. Gari likapanda sentimita 5 kwa springi peke yake.

Hapa tuseme kidogo, kwa sababu wengi hudhani springi ndefu huinua kila kitu. Springi huinua bodi na chesisi. Ekseli yenyewe pamoja na difu hubaki pale pale, na kinachoinua difu ni tairi kubwa. Ndiyo maana vitu hivyo viwili hununuliwa pamoja.

Gari lilipotoka gereji tulipiga picha, tukaandika katika taarifa kwa wafadhili kwamba gari limeinuliwa na liko tayari kwa kazi. Leo tunakiri kwamba sentensi ile haikuwa kweli. Gari lilikuwa limeinuliwa, lakini halikuwa tayari.

Dereva alituambia

Wiki ya kwanza dereva wetu alisema usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, na akikata kona haurudi wenyewe. Tulimjibu kwamba atazoea. Mara ya pili alisema gari linatangatanga barabarani, na usukani umekaa upande ingawa magurudumu yanakwenda mbele. Gereji iliung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka kwa macho. Mara ya tatu alisema likikanyaga shimo kwa mwendo, magurudumu ya mbele yanatetemeka hadi mikono inauma. Gereji ikafunga shokapu mpya ya usukani, mtetemo ukapungua, nasi tukafurahi. Tukamwambia aendeshe polepole.

Miezi miwili baadaye alikuwa akirudi na wauguzi wawili na masanduku ya chanjo. Alikuwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa hivi. Gurudumu moja lilikanyaga ukingo wa kalvati, magurudumu yote mawili ya mbele yakaanza kupigapiga kushoto na kulia, na usukani ukamponyoka mikononi. Gari lilivuka upande wa pili wa barabara na kusimama kwenye tuta la udongo. Hakuna aliyeumia, na hakukuwa na gari lililokuwa likija. Tunamshukuru Mungu, lakini tusifiche makosa yetu nyuma ya shukrani hiyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Dereva aliwajua, akatuambia mara tatu.

Nini hubadilika chini ya gari

Baada ya hapo tulimtafuta fundi mzee anayejua magari ya ekseli nzima ya mbele. Alituketisha chini na kutufundisha, nasi tunawapa kama tulivyoelewa.

Kwanza, Land Cruiser za aina yetu zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1999 zina springi za koili mbele. Zile za zamani zina springi za majani, na zenyewe hurekebishwa kwa njia nyingine. Katika gari la koili, ekseli hushikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono hiyo huinama zaidi na kuizungusha ekseli kidogo. Pembe ambayo mafundi huiita kasta hupungua. Kwa kuinua sentimita 5 tu, pembe hiyo inaweza kupungua kwa digrii 2 hivi.

Kasta ni kitu gani? Angalieni baiskeli. Uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo. Hiyo ni sababu mojawapo inayomwezesha kijana kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kwenda mbele. Gari nalo likiwa na kasta ya kutosha, magurudumu hupenda kurudi katikati yenyewe. Kasta ikipungua, usukani huwa mwepesi, haurudi, na gari hutangatanga. Hayo ndiyo aliyoyasema dereva wiki ya kwanza.

Pili, kuna fimbo inayokaa kwa upana wa gari, upande mmoja imefungwa kwenye chesisi na upande wa pili kwenye ekseli. Mafundi huiita panhadi. Kazi yake ni kuzuia ekseli isihame kushoto au kulia. Gari likipanda, fimbo hii husimama zaidi, na kwa kuwa urefu wake haubadiliki, huivuta ekseli upande mmoja.

Tatu, kuna draglinki, fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu. Nayo husimama zaidi, ndiyo maana usukani ulikaa upande. Draglinki na panhadi zinatakiwa kwenda sambamba, kama watu wawili wanaobeba kitanda. Mmoja akipanda na mwenzake asipande, kitanda hupinda. Fimbo hizo zikipishana pembe, kila gurudumu linapopanda tuta draglinki hulisukuma likate kona, ingawa dereva hajagusa kitu.

Kuhusu ile shokapu ya usukani, fundi alisema haitibu ugonjwa, huutuliza tu. Mtetemo wetu ulikuwa na sababu mbili, nazo ni kasta iliyopungua na balijointi moja ya tairodi iliyolegea. Shokapu mpya iliuficha hadi siku ya kalvati.

Namna lilivyorekebishwa

Tunaeleza kwa utaratibu aliotumia, ili kamati ijue cha kuuliza.

1. Alianza na vilivyochakaa. Gari likiwa chini, mtu mmoja alitikisa usukani kidogo kushoto na kulia, na fundi akaangalia kila kiungo. Kisha alipiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kupima beringi. Alisema hakuna maana ya kupima pembe wakati viungo vinacheza.

2. Alirudisha kasta. Kwenye ile mikono mirefu alifunga bushi ambazo tundu lake halipo katikati, zinazoizungusha ekseli irudi. Akakagua pia propela shafti ya mbele, kwa sababu ekseli ikizunguka, pembe yake nayo hubadilika.

3. Alifunga panhadi inayoweza kurefushwa. Alipima kutoka chesisi hadi tairi pande zote mbili, akaizungusha mpaka vipimo vikalingana.

4. Alirekebisha tairodi. Alichora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele, akapima umbali kati ya mistari hiyo upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa kimo cha ekseli. Tofauti inayoruhusiwa ni milimita chache tu, nayo imo katika kitabu cha gari. Tofauti ikizidi, tairi huliwa upande mmoja kabla ya wakati.

5. Mwisho ndipo alipogusa draglinki, ili usukani unyooke. Alianza kwa kuurudisha usukani mahali pake pa zamani, na hapa tulijifunza jambo kubwa. Boksi la usukani hutengenezwa ili meno yake yabane vizuri zaidi yanapokuwa katikati. Ukiung'oa usukani na kuurudisha umenyooka, macho yanaridhika, lakini ndani boksi halipo katikati, na gari huwa na uchezaji hasa likienda mbele moja kwa moja. Dawa ni kurekebisha urefu wa draglinki, na kuhakikisha nyuzi za kutosha zimebaki ndani ya bomba pande zote mbili.

6. Alikaza klempu zote na kuweka kotapini mpya. Aliangalia kama mabomba ya mpira ya breki yanavutika ekseli ikining'inia. Akateremsha mwanga wa taa za mbele, kwa sababu gari lililoinuliwa huwamulika machoni wanaokuja. Kisha tukalipeleka mjini kwenye mashine ya alaimenti kuthibitisha, na baada ya kilomita 500 akakaza tena.

Gharama yote, pamoja na fundi, haikuzidi bei ya matairi mawili mapya. Mwaka ule tulikuwa na fedha za matairi matano.

Tunayoyaomba

Wapendwa, usharika unaotaka kuinua gari hatuukatazi. Barabara zetu tunazijua sote. Kuanzia sasa, hata hivyo, ofisi haitapitisha ombi lenye springi na matairi peke yake. Ombi liwe na fungu la usukani, yaani bushi za kasta, panhadi, viungo vilivyochakaa, alaimenti na ukaguzi wa baada ya kilomita 500. Fedha zikiwa pungufu, tuinue kidogo zaidi, au tungoje. Tusiinue nusu.

Kwa wabia wetu tunasema hivi kwa upendo. Springi mpya hupigwa picha nzuri, bushi haionekani. Mtakapoona fungu hilo katika bajeti, msidhani tumeongeza matumizi. Msipoliona, tuulizeni.

Kwa wenyeviti wa kamati, kila gari liwe na daftari la dereva, na lisomwe kila kikao. Dereva akiandika kwamba usukani hauko sawa, gari lisitoke mpaka fundi aandike jibu chini yake. Na jibu la fundi lisiwe shokapu ya usukani tu.

Dereva wetu alipotoka kwenye tuta lile aliomba aondolewe kwenye gari hilo. Hatukumlaumu. Lilipokamilika tulimwita alijaribu, tukakaa naye ndani, sisi wa ofisi, tukapita barabara ile ile na kalvati lile lile. Alipotoka kwenye kona aliulegeza mkono, na usukani ukarudi wenyewe katikati. Hakusema kitu. Kesho yake asubuhi alikuja ofisini kuchukua ufunguo, akapakia masanduku ya chanjo, akaenda bondeni.

Tunaomba madereva wa sharika zenu wasikilizwe mapema kuliko alivyosikilizwa yeye.