Maumivu Chini ya Kitovu na Hedhi Kuchelewa

Leo tuzungumze juu ya maumivu ya chini ya kitovu, hasa yanapokuja pamoja na hedhi kuchelewa.

Mama anayechuma majani chai akisikia maumivu haya, mara nyingi husema, "Ni kikapu tu." Anameza dawa ya maumivu na kurudi shambani. Mwingine anahofu ana mimba, lakini anaona haya kuuliza. Akina mama, maumivu haya yana sababu nyingi, na hayajulikani kwa kukisia.

Sababu moja ni uvimbe wenye maji kwenye ovari, mahali mayai ya mwanamke yanapokomaa. Kifuko cha yai kisipopasuka, huweza kujaa maji. Mama husikia uzito au maumivu upande mmoja, na hedhi yaweza kuchelewa. Usiogope. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, hauzuii kuzaa, na huisha wenyewe kwa miezi miwili au mitatu.

Lakini kuna hatari inayofanana nao. Mimba ikitunga nje ya mji wa mimba, ndani ya mrija, nayo huleta maumivu upande mmoja. Dalili huanza mara nyingi wiki ya 6 hadi ya 8 tangu hedhi ya mwisho. Mrija ukipasuka, damu humwagika tumboni, na mama anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo, fanya hivi:

Kwanza, pima mkojo kwenye zahanati, hata kama unatumia sindano ya kupanga uzazi. Ikiwa mimba haionekani na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja.

Pili, ikiwa una mimba na una maumivu, nenda siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye skani, kama ile ya kaunti mjini Kericho, Kapkatet, Longisa au Tenwek. Skani inaweza kuonyesha mimba imekaa wapi. Ikiwa huna mimba na maumivu yanaendelea, bado unahitaji kuchunguzwa.

Tatu, usikubali kukandwa tumbo kabla ya kupimwa.

Usingoje asubuhi ukiona dalili hizi: maumivu makali ya ghafla, kutapika pamoja na maumivu, kizunguzungu au kuzirai, maumivu kwenye ncha ya bega, au kutokwa na damu huku hedhi imechelewa. Tafuta gari mara moja, hata kama ni usiku.

Na wewe mama mwenye binti: akilalamika tumbo, usianze kwa kumgombeza. Binti anayeogopa kupigwa huficha maumivu mpaka anazirai. Mpeleke apimwe kwanza. Mazungumzo mengine yatafuata akiwa mzima.

Mwambie na jirani yako unayechuma naye.